Joe Thomas na Majaribio 10,363: Hotuba Kuhusu Kazi ya Mlinzi wa Mstari

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wazazi na vijana Waswahili wanaoishi kaskazini-mashariki mwa jimbo la Ohio, Marekani, kisha ikaandikwa kwa ajili ya wasomaji.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama, ndugu zangu wote, na ninyi vijana mliojikusanya kule nyuma karibu na mlango, itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wenu mmeanza kuisikia kutoka kwa watoto wenu. Kijana akiingia shule ya sekondari hapa Ohio akiwa mrefu na mpana kuliko wenzake, haupiti muda mrefu kabla kocha wa futiboli ya Kimarekani hajamsimamisha na kumwuliza kama angependa kucheza kwenye mstari. Mzazi aliyekulia Bukavu, Kigoma au Mombasa anaijua soka, na akiambiwa kwamba mwanawe atacheza mpira hutegemea kumwona akiugusa. Anakwenda uwanjani Ijumaa usiku, anavumilia baridi mpaka mwisho, na mtoto hakuugusa mpira hata mara moja. Hurudi nyumbani akijiuliza kama mwanawe amebaguliwa.

Hakubaguliwa, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ili niieleze ipasavyo nimemchagua mtu mmoja aliyeifanya katika mji huu wa Cleveland, naye ni Joe Thomas, aliyevaa jezi namba 73 ya timu ya Cleveland Browns kuanzia 2007 hadi 2017. Ninamchagua yeye, badala ya wale waliotwaa vikombe, kwa sababu maisha yake ya uwanjani yanaonyesha jambo ambalo kikombe hulificha, yaani kwamba kazi hii hupimwa kwa mambo ambayo hayakutokea, na kwamba mtu anaweza kuifanya kwa ubora wa hali ya juu huku timu yake ikifungwa karibu kila Jumapili.

Niruhusuni kwanza nipitie sheria kwa ufupi, na wanaozijua wanivumilie. Timu inayoshambulia huwa na wachezaji 11, nayo hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu hupewa manne mengine, ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Kotabeki ndiye anayeupokea mpira na kuamua kama ataurusha au atamkabidhi mkimbiaji. Mbele yake wamejipanga watu watano, ambao ni senta, anayeuanzisha mpira kwa kuupitisha katikati ya miguu yake, gadi wawili wanaosimama kulia na kushoto kwa senta, na walinzi wawili wa pembeni. Hao watano ndio mstari. Wanavaa namba za kati ya 50 na 79, na kwa kawaida sheria haiwaruhusu kupokea mpira uliorushwa mbele. Katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, hawaruhusiwi hata kusonga mbele zaidi ya yadi moja kabla mpira wa kurushwa haujatoka mkononi mwa kotabeki. Mmoja wao akitikisika kabla mpira haujaanzishwa, timu hurudishwa yadi 5. Akimshika mpinzani na kumvuta, timu hurudishwa yadi 10, na hapo mwamuzi huwasha kipaza sauti na kuutangazia uwanja mzima namba ya aliyekosa. Kwa hiyo mlinzi wa mstari anaweza kucheza vizuri msimu mzima bila namba yake kutajwa uwanjani, na ikitajwa, mara nyingi ni kwa kosa.

Thomas alikuwa mlinzi wa pembeni wa kushoto, nafasi yenye uzito wake. Kotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, huugeuzia upande wa kushoto mgongo wake, kwa hiyo anayekuja kutoka upande huo hamwoni. Tarehe 18 Novemba 1985, mbele ya watazamaji wa televisheni nchi nzima, Lawrence Taylor wa New York Giants alimfikia Joe Theismann, kotabeki wa Washington, na katika kuangushwa kule mguu wa Theismann ukavunjika vibaya, hakucheza tena. Timu zilizidi kutambua thamani ya mtu anayeweza kuwazuia watu wa aina ya Taylor, na tangu 1993, wachezaji walipopata uhuru wa kuhamia timu nyingine mikataba yao inapokwisha, malipo ya walinzi wa kushoto yalipanda haraka. Mwaka 2011 Browns walimwongezea Thomas mkataba wa miaka saba wenye thamani ya hadi dola milioni 84. Nawaomba vijana wasiondoke hapa na takwimu hiyo peke yake, kwa sababu vijana wengi sana wanaocheza kwenye mstari sekondari hawafiki hata chuo kikuu kwa mchezo huu, sembuse NFL.

Alizaliwa mwaka 1984, akakulia Brookfield katika jimbo la Wisconsin, akasoma Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison, ambako pia alirusha tufe na kisahani. Kuna tukio moja la huko chuoni ambalo sipendi kuliruka. Katika mechi ya Januari 2, 2006, dhidi ya Chuo Kikuu cha Auburn, timu yake ilikuwa na majeruhi wengi kwenye safu ya ulinzi, akaombwa asimame upande huo wa pili, awe yeye anayemkimbiza kotabeki wa wenzake. Huko huko kano ya goti lake ikakatika. Alirudi chuoni kwa mwaka mmoja zaidi, na mwisho wa 2006 akatunukiwa Outland Trophy, tuzo ya mchezaji bora wa mstari katika vyuo vikuu vya Marekani.

Aprili 2007 ilipofika siku ya drafti, yaani siku timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, wenzake walikuwa New York wamevaa suti mbele ya kamera. Yeye alikuwa kwenye boti katika Ziwa Michigan, anavua samaki pamoja na baba yake. Browns walimchagua wa tatu. Wa kwanza siku ile alikuwa kotabeki, JaMarcus Russell, ambaye baada ya misimu mitatu hakuwa na timu.

Sasa naomba tulitazame jaribio moja kwa karibu, maana bila hilo mengine yote yatakuwa maneno matupu. Thomas, mwenye urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo zaidi ya 140, ameinama mkono mmoja ukiwa chini. Mbele yake, hatua chache kuelekea nje, yuko mtu mwenye kilo kama 120 ambaye kazi yake ni kumfikia kotabeki, naye atakimbia akielekea mbele kwa nguvu zake zote. Thomas atakwenda kinyumenyume. Mpira ukianzishwa, mguu wake wa kushoto unarudi nyuma kwa hatua fupi na wa kulia unaufuata kwa kuteleza, bila kuinuliwa sana na bila kupishana na mwenzake, kwa sababu miguu ikipishana mpinzani anahitaji kumsukuma kidogo tu aanguke. Magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, kichwa kimerudishwa nyuma. Mikono inasubiri. Akiitoa mapema, mpinzani ataipangua na kupita. Akichelewa, mikono ya mpinzani itakuwa tayari kifuani mwake, na hapo atasukumwa mpaka magotini kwa kotabeki. Inabidi viganja vitue ndani ya mabega ya mpinzani, chini kidogo ya shingo, wakati ule ule mguu wa mpinzani unapotua.

Naye mpinzani ana hila zake. Anaweza kuzunguka kwa nje kwa kasi, anaweza kujifanya anakwenda nje kisha akakata ndani ghafla, au akaamua kuja moja kwa moja kifuani. Mlinzi anayerudi nyuma kwa namna ile ile kila mara husomwa kabla ya mapumziko. Kilichomtofautisha Thomas ni kwamba alibadilisha mwendo wake: jaribio hili anarudi kwa utulivu, lile linalofuata anamrukia mpinzani mapema kabla hajashika kasi, la tatu anajifanya anatoa mikono kisha anaizuia, ili mwenzake apoteze hila aliyoiandaa. Yote hayo huisha kwa sekunde mbili na nusu au tatu. Kumwangusha mpinzani si lazima. Kinachotakiwa ni kumchelewesha mpaka mpira uondoke, au kumsindikiza apite nyuma ya kotabeki bila kumgusa. Mpira ukishaondoka, kamera inaufuata, na mambo yote niliyoyaeleza hayaonekani kwenye televisheni.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Septemba 9, 2007, dhidi ya Pittsburgh Steelers, na Browns walifungwa 34 kwa 7. Kotabeki aliyeianza mechi ile, Charlie Frye, alitolewa kabla ya mapumziko na siku mbili baadaye akauzwa. Nafasi yake ikachukuliwa na Derek Anderson, na msimu ule, ajabu, timu ikashinda mechi 10 na kupoteza 6, lakini ikakosa kuingia hatua ya mtoano. Hapo ndipo Thomas alipoikaribia zaidi hatua hiyo. Katika miaka yake 11 alipitia makocha wakuu sita na makotabeki 20 walioanza mechi mbele ya macho ya mji huu, na hakucheza hata mechi moja ya mtoano.

Idadi hiyo ya makotabeki husimuliwa hapa Cleveland kama kichekesho, lakini kwa mlinzi wa mstari ni jambo la kitaalamu kabisa. Mlinzi humpa mgongo mtu anayemlinda. Lazima ajue, bila kutazama, kwamba kotabeki yuko yadi ngapi nyuma yake, na atakaa hapo kwa muda gani kabla ya kurusha. Mmoja hurusha haraka, mwingine hushikilia mpira akitafuta mtu wa mbali. Mmoja husimama pale alipoelekezwa, mwingine, kama alivyokuwa Johnny Manziel, huondoka mahali pake na kuanza kukimbia, kiasi kwamba mpinzani uliyemsindikiza vizuri hujikuta yuko karibu naye kuliko ulivyokusudia. Hata sauti hubadilika, maana mstari huondoka kwa kusikiliza mwito wa kotabeki, na kila mtu huita kwa mapigo yake. Kujenga mazoea hayo huchukua muda, na Thomas aliyajenga upya na watu 20. Hata hivyo, katika misimu yake 10 ya kwanza alichaguliwa kwenda Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara zote 10, na mara sita akawekwa katika kikosi cha kwanza cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Chukueni mfano wa Desemba 20, 2009, huko Kansas City. Siku ile mkimbiaji wa Browns, Jerome Harrison, alipata yadi 286 katika mechi moja, akaivunja rekodi ya timu ya yadi 237 iliyokuwa ya Jim Brown, mtu ambaye hapa Cleveland hutajwa kwa heshima ya pekee. Browns walishinda 41 kwa 34. Mkifungua takwimu za siku ile mtaliona jina la Harrison na zile yadi 286, kisha mtatafuta jina la Thomas mbele ya tarakimu yoyote na hamtalipata. Mkimbiaji hapati yadi 286 kwa miguu yake peke yake. Kuna watu waliofungua njia, wakasukuma, wakaanguka chini ya rundo la watu, wakainuka na kurudia. Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu hakusifiwa na takwimu hata siku moja, na tembo lake halikutiwa maji.

Mwaka 2015 palikuwa na mazungumzo ya kumhamishia Denver Broncos, timu iliyokuwa na kotabeki Peyton Manning. Hayakuafikiwa. Miezi michache baadaye, Februari 2016, Broncos walitwaa Super Bowl ya 50, yaani fainali ya ligi. Thomas alibaki Cleveland, akashinda mechi 1 na kupoteza 15 msimu wa 2016, na mwaka 2017 timu ikapoteza zote 16. Wapo wanaomlaumu kwamba angepaswa kudai kuondoka kwa nguvu. Mimi siwaungi mkono. Alikuwa na mkataba, alilipwa vizuri, na amesema mara nyingi kwamba alitaka kuwapo hapa siku mambo yatakapogeuka. Hayakugeuka wakati wake.

Nifike kwenye ile namba iliyoko katika kichwa cha hotuba yangu. NFL ilianza kuhesabu rasmi majaribio ya kila mchezaji mwaka 1999. Tangu jaribio lake la kwanza Septemba 2007, Thomas hakukosa hata jaribio moja la ushambuliaji wa timu yake, katika mechi 167 mfululizo, mpaka akafikisha 10,363, na haijulikani mwingine aliyefikia hapo tangu kuhesabu kuanze. Ndani ya hesabu hiyo kuna majaribio ya Desemba, upepo wa Ziwa Erie ukivuma, timu iko nyuma kwa pointi nyingi, dakika zimebaki chache na mashabiki wameshaondoka, wakati ambapo kocha yeyote angemruhusu akae benchi. Hakukaa. Kwa mtu ambaye kazi yake haina takwimu nyingine, hesabu ya kuwapo kwake ndiyo takwimu pekee aliyojiandikia mwenyewe.

Ilikatika Oktoba 22, 2017, robo ya tatu, nyumbani dhidi ya Tennessee Titans. Lilikuwa jaribio la kawaida la kukimbiza mpira. Thomas alikuwa akimzuia Brian Orakpo, mkono wake wa kushoto ukanyooshwa ukiwa na uzito wa mtu mwingine, na msuli wa nyuma ya mkono, ule ulio juu ya kiwiko, ukachanika. Alibaki chini akiwa ameushika mkono. Spencer Drango akaingia, jaribio lililofuata likachezwa, na Browns wakafungwa 12 kwa 9 katika muda wa nyongeza. Machi 2018 akatangaza kustaafu.

Ndugu zangu, sasa niseme juu ya mwili, kwa sababu hili ndilo wazazi walilonipigia simu kuniuliza. Uzito wa kilo 140 haukuwa wa asili yake. Amesimulia hadharani jinsi alivyolazimika kula bila njaa, mchana na usiku, ili usishuke, na baada ya kustaafu alipunguza zaidi ya kilo 20 kwa sababu tu aliacha kula kwa kujilazimisha, akaanza kuogelea na kufanya mazoezi ya mtu wa kawaida. Wapo wasioweza kuupunguza, wakabaki na presha, kisukari na magoti yaliyokwisha.

Kubwa zaidi ni kichwa. Mlinzi wa mstari hagongwi mara moja kwa nguvu kama anavyogongwa mkimbiaji. Hugongwa kidogo kidogo karibu kila jaribio, na kila siku ya mazoezi yenye kugongana. Mchezaji wa kwanza wa NFL ambaye ubongo wake ulithibitishwa kuwa na ugonjwa wa kuharibika kutokana na vipigo vya kurudiarudia alikuwa senta, Mike Webster wa Pittsburgh, aliyecheza misimu 17 na kutwaa Super Bowl nne, kisha akafa mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50, baada ya miaka ya kuchanganyikiwa. Aliyeugundua ugonjwa huo chini ya darubini ni Mwafrika mwenzetu, Daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria. Julai 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kwamba waliukuta ugonjwa huo katika ubongo 110 kati ya 111 za waliokuwa wachezaji wa NFL. Ni kweli kwamba ubongo hizo zilitolewa na familia zilizokuwa tayari na wasiwasi, kwa hiyo si kipimo cha wachezaji wote, lakini hesabu hiyo haipuuzwi. Siku mbili baadaye John Urschel, gadi wa Baltimore Ravens mwenye umri wa miaka 26, alistaafu na kurudi kwenye hisabati, akapata shahada ya uzamivu katika chuo kikuu cha MIT mwaka 2021. Thomas mwenyewe, akiwa bado mchezaji, alisema kwamba ameanza kusahau vitu vidogo vidogo.

Agosti 5, 2023, aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa futiboli huko Canton, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka hapa tulipo, katika mwaka wa kwanza alioruhusiwa kupigiwa kura. Wapiga kura hawakuwa na magoli ya kuhesabu wala pete ya ubingwa ya kuitazama. Walikuwa na ushuhuda wa wale aliowazuia. Na msidhani kwamba nafasi ya mlinzi wa kushoto wa Browns ni ya watu wa Wisconsin pekee. Miaka ya 2000 na 2001, kabla ya Thomas, ilishikwa na Roman Oben, mzaliwa wa Yaoundé, Kameruni.

Mzazi mmoja ameniuliza kama hakuna futiboli isiyo na kugongana. Ipo, inaitwa futiboli ya bendera, na itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Huchezwa na watu watano kila upande na hairuhusu kuzuiana kwa miili, maana yake kazi ya mlinzi wa mstari haimo kabisa, na kijana wa kilo 130 huko atakimbizana na wepesi kuliko yeye.

Kwa hiyo mzazi ambaye mwanawe ameitwa kwenye mstari namshauri aende kwa kocha na maswali matatu. Je, kwa wiki kuna siku ngapi za mazoezi ya kugongana? NFL yenyewe, tangu 2011, huruhusu siku 14 tu za mazoezi ya kuvaa kinga zote katika msimu mzima wa kawaida, na si haki mtoto wa shule agongwe zaidi ya mtu mzima anayelipwa. Je, nani ana mamlaka ya kumtoa mtoto uwanjani akitikiswa kichwa, ni kocha au ni mtu wa afya asiyejali matokeo ya mechi? Na je, akitakiwa kuongeza kilo, ataziongeza kwa chakula gani, kwa muda gani, na chini ya usimamizi wa nani?

Ndugu Mwenyekiti, mezani nimeacha karatasi yenye maswali hayo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ili mtoto asilazimike kuwa mkalimani wa mambo yake mwenyewe. Nakurudishia kipaza sauti, na niko tayari kwa maswali.